Gari Limezimwa, Kamera Imekesha

Umezima gari, umetoa ufunguo, umefunga milango. Ukigeuka, kile kitaa cha kamera ya dashibodi bado kinameta nyuma ya kioo. Wengi hapo huilaumu kamera na kuirudisha dukani, ilhali aghalabu ni nzima kabisa: inawaka kwa kuwa bado inapata umeme. Cha kutafuta ni chanzo cha umeme huo, na dalili ya kwanza ni muda ambao imebaki ikiwaka.

Ikizima baada ya sekunde chache, hakuna tatizo. Ndani ya kamera nyingi za sasa mna kapasita, hifadhi ndogo ya umeme inayoipa nafasi ya kufunga faili la mwisho. Bila hiyo, kipande cha video unachokihitaji zaidi, kile cha ajali iliyokata umeme wa gari, ndicho kingeharibika. Zamani kazi hiyo ilifanywa na betri ya lithiamu, na bado zipo kamera zinazoitumia, ingawa kwa gari linaloegeshwa juani Dar es Salaam au Mombasa sizipendekezi: joto huivimbisha.

Ikiendelea kwa dakika kadhaa kisha ikazima yenyewe, huenda gari ndilo lililoamua. Magari mengi ya General Motors, kwa mfano, huacha redio na vifaa vingine vikiwa hai kwa dakika 10 hivi, au hadi mlango ufunguliwe.

Ikikesha hadi asubuhi, hapo fungua sanduku la fyuzi.

Umeme wa gari una njia zaidi ya moja. Ipo inayotoka kwenye betri bila kupita kwenye swichi. Hiyo hulisha honi, taa za hazadi na kumbukumbu ya redio, ndiyo maana stesheni zako hazipotei kila ukizima. Ipo ya ACC, inayoamka ufunguo unapofika hatua ya kwanza. Na ipo ya IG, inayoamka swichi ikifika ON. Kile kifaa cha kulipia barabara za Japani kinachokusemesha Kijapani kila unapowasha IST au Noah kinategemea umeme wa swichi. Ndiyo maana ukizima kinanyamaza. Soketi ya kuwashia sigara nayo, katika magari mengi ya Kijapani, iko kwenye ACC. Katika baadhi ya magari ya Ulaya soketi hiyo hubaki hai saa zote. Basi kamera iliyozoea kulala ndani ya Vitz inaweza kukesha ndani ya Volkswagen, bila chochote kuharibika. Tundu la kuchomekea mashine ya kupima hitilafu, lile la OBD, lina pini ya 16 inayounganishwa na betri wakati wote, na waya wa kamera unaochomekwa hapo hurithi tabia hiyo.

Magari ya kuwashwa kwa kitufe yana mtego wake. Katika Toyota nyingi za aina hii, ukizima injini gia ikiwa haijarudi P, mfumo haufiki OFF, unabaki ACC. Injini kimya, kamera macho. Kabla ya kumwita fundi, angalia gia.

Kisa kinachotokea sana, hata hivyo, ni cha mikono ya binadamu. Kamera yenye ulinzi wa maegesho huja na kisanduku kidogo chenye nyaya tatu: mmoja wa betri, mmoja wa ACC, mmoja wa bodi. Rangi zisikudanganye, soma maandishi yaliyo kwenye waya. Waya wa betri unaleta chakula. Wa ACC unaleta habari: unaiambia kamera kama gari limewashwa au limezimwa, ili ijue lini irekodi mfululizo na lini isubiri mtikisiko. Fundi mwenye haraka huzisokota mbili hizo pamoja na kuziingiza kwenye fyuzi moja iliyo hai. Kamera inawaka, mteja analipa, kila mtu anaondoka ameridhika. Lakini tangu dakika hiyo kamera inaamini gari liko safarini, mchana na usiku, na inarekodi bila kupumzika.

Piga hesabu ya hasara. Kamera inayotumia wati 5 huvuta takriban ampea 0.4 kutoka betri ya volti 12, achilia mbali kiasi kinachopotea wakati volti hizo zinashushwa kuwa 5 ambazo kamera inazitaka. Egesha Ijumaa jioni, rudi Jumatatu asubuhi: ni saa 60 hivi, yaani ampea-saa 24. Betri ya gari dogo ina ampea-saa 35 au zaidi kidogo ikiwa mpya. Kilichobaki hakitoshi kuzungusha starta kwa uhakika, na kama betri imeshazeeka, Jumatatu yako itaanza kwa kumwomba jirani nyaya za kubustia. Baya zaidi, betri ya kuwashia gari haikuundwa kumalizwa hivyo; ikiachwa tupu mara kwa mara, salfati hugandana kwenye sahani zake na uwezo wake hupungua moja kwa moja.

Kisanduku kizuri hukata umeme volti zikishuka hadi kiwango ulichochagua. Mimi huwaambia watu wachague 12.2 na si 11.8, hata kama kamera italala mapema. Betri iliyotulia kwenye 12.2 imebaki na nusu hivi ya chaji, kwenye 11.8 imekwisha. Anayeendesha kilomita chache kwenye foleni kila siku ana sababu zaidi ya kuchagua hivyo, kwa sababu altaneta haipati muda wa kurudisha kilichotumika usiku.

Ukimpelekea fundi, mwombe apime kila fyuzi anayotaka kuitumia mara mbili kwa mita: swichi ikiwa imezimwa, kisha ikiwa ACC. Waya wa betri uende penye volti 12 nyakati zote mbili. Wa ACC uende penye sifuri mara ya kwanza na 12 mara ya pili. Akikwambia haina haja, mradi kamera inawaka, chukua funguo zako utafute fundi mwingine.