Mbuzi Yupi? Namna ya Kulipima Somo la Virejeshi

Ukitaka kujua kama mwalimu wa Kiingereza anakielewa kirejeshi, hesabu mbuzi waliochorwa ubaoni. Akiwa mmoja tu, somo limeshakwama. Nani atahangaika kusema "the goat which has one horn" ilhali mbuzi mwingine hayupo? Wakiwa sita, tena wote weusi, hapo mwanafunzi hana budi kumtenga mmoja na wenzake, na hiyo ndiyo kazi ya kirejeshi.

Isiolo pana bahati yake katika somo hili. Darasa moja laweza kuwa na Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wasomali na Wameru, na katika mji wa soko la mifugo kama huu, wengi wanajua jinsi mnyama aliyepotea anavyoulizwa: kwa chapa, kwa pembe, kwa sikio lililokatwa. Mwalimu hodari hugawa kadi zenye picha za mifugo wanaofanana. Mmoja anaeleza mnyama wake, wenzake wanamtafuta. Wewe tega sikio. "The goat whose left ear is cut" ikimtoka mtoto bila kuchokozwa, jua somo limeiva, kwa maana "whose" ndiyo inayowashinda wengi.

Zoezi la kuunganisha sentensi mbili silidharau. KCSE yenyewe huwataka watahiniwa waandike sentensi upya kwa kufuata maagizo. Ila mtu aweza kuunganisha ukurasa mzima asijue anaunganisha kwa nini. Nyimbo na vibonzo huchangamsha, basi.

Tazama pia masahihisho. Mtoto aliyezoea "ng'ombe niliyemwona" ataandika "the cow which I saw it". Mwalimu wa kawaida huikata "it" kwa kalamu nyekundu akasonga mbele. Bingwa huziweka sentensi zote mbili ubaoni: "-ye-" imekuwa "which", na "-m-" ndiyo iliyozaa "it", ambayo Kiingereza hakiihitaji. "The camel who" nayo ina mantiki yake, kwani kwetu ngamia hupatanishwa kama mtu. Kosa la namna hiyo halistahili kuchekwa.

Kisha koma, na hapa ndipo walimu wengi huchujwa. "The camels which were sick were sold": wameuzwa wagonjwa peke yao. "The camels, which were sick, were sold": kundi zima liliugua, na lote limeuzwa. Waweza kulieleza hilo kwa kanuni. Mimi ningewapa wanafunzi nafasi ya kuigiza muuzaji na mnunuzi, bei ishuke koma zinapoingia.

Ukiitwa kukagua, usikae nyuma ukihesabu mikono iliyoinuliwa. Jisogeze kwa kundi lililo kimya, umwombe mtoto mmoja akueleze mnyama wa kwenye kadi yake. Ukimtambua kabla hajakuonyesha kwa kidole, mpe mwalimu alama zote.