Rangi na Mizani ya Jembe

Mpenda ushairi hahitaji kuelezwa kwamba sauti ina umbo. Hulisikia katika mizani 16 za mshororo, 8 za ukwapi na 8 za utao. Mchoraji wa sanaa dhahania hutaka umbo hilo lionekane. Wassily Kandinsky, Mrusi aliyeishi Munich, alihudhuria tamasha la muziki wa Arnold Schoenberg Januari 1911, kisha akauchora: manjano ikatawala turubai, piano ikawa bonge jeusi, wasikilizaji wakabaki mistari iliyoinama.

Njia hiyo ikipimwa Bariadi, mkoani Simiyu, kwa bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, yapungukiwa. Kandinsky alikuwa msikilizaji. Muziki ulimfuata alipo. Bugobogobo ilizaliwa shambani, mapigo yakiongoza majembe ya wengi yaanguke pamoja, na hata uwanjani mchezaji hulizungusha jembe na kulirusha kwa kufuata ngoma. Hapo mkono hausikilizi tu. Nao ni ala.

Basi atakayeitafutia kila sauti rangi yake atapata pambo zuri lisilo na jasho. Atakayechora sura ya mchezaji na jembe lake atapata picha ya ukumbusho, nayo ni bubu. Imempasa mchoraji aanze na mkono: brashi ishuke kwa pigo, itue kwa kimya, na nafasi tupu ihesabiwe kama mizani. Turubai likisomeka hivyo, hata asiyejua Kisukuma atatambua kwamba hapa watu wamelima.