Ile gilasi ya kahawia haisemi kitu juu ya maji yetu

Wenzangu wa kemia, tuseme kidogo juu ya maonyesho ya wauza-filta. Ile niliyoiona mu parseli moja hapa Kolwezi: gilasi mbili, moja maji ya robine, ingine maji ya filta yake. Mu kila moja anaingiza vijiti viwili, cha chuma na cha aluminyumu, anachomeka mu prizi. Maji ya robine yanageuka kijani, halafu kahawia, povu juu. "Njo ile munapatiaka batoto!" Ya filta yanabaki safi. Mama mmoja alitoa avansi palepale.

Kama tamasha, ni kazi nzuri. Bwana anajua kunyamaza mpaka rangi itokee. Kama kemia, ni uongo. Uchafu ule haukuwa mu maji, umetoka mu kijiti. Anodi ya chuma inayeyuka: ampere 1 kwa dakika 1 inaondoa miligramu 17 hivi. Ku katodi maji yanatoa hidrojeni, njo lile povu, na kuacha hidroksidi. Vikikutana, inazaliwa hidroksidi ya chuma, kijani. Oksijeni inaigeuza kahawia, chembe ndogo sana zinazoelea: koloidi. (Viwanda vingine vinatengeneza matope haya kwa makusudi, ju yanashika uchafu na kusafisha maji!)

Na ya filta? Yamekosa chumvi za kupitisha umeme, basi. Tieni humo chumvi ya jikoni kidogo, mbele ya batu wote, nayo yatageuka kahawia.

Muji huu ungepaswa kucheka. Ku Luilu shaba inatolewa kwa elektrolizi tangu 1960, na anodi pale ni za risasi, kusudi zisiyeyuke kama kile kijiti. Lakini tuna diplome, na tunanyamaza.

Kinachoniuma ni hiki: sababu za kuogopa maji tunazo. Kobalti na manganezi vinaweza kuwa mu maji bila jicho kuona kitu. Maji ya mvua yenye vijidudu vya kipindupindu yangeshinda ule mtihani, ju chumvi zake ni chache. Mwenye foraji karibu na migodi apeleke chupa ku labo, aombe pH, metali na vijidudu. Wenye kutumika mu labo, museme hapa analizi ni bei gani.