Boti ya Faiba Uani

Wazee wa pwani wakisifu chombo husifu mbao. Watakutajia mvule na mtiki, watakuonyesha taruma lililokatwa kwenye tawi lililojipinda lenyewe msituni, watakusimulia habari za fundi anayekadiria mbinuko wa ubavu kwa jicho tu, bila mchoro wala kipimo. Ni sifa za haki. Nimekua nikizisikia na sitaki kuzipunguza hata chembe. Ninachoomba ni kwamba katika baraza hilo asogezewe kiti na mtu mwingine: yule anayeikarabati boti ya faiba iliyochoka, nyuma ya nyumba yake, kwa brashi, msasa na subira. Kazi yake haijapata msifiaji.

Pengine ni kwa sababu faiba ni ya juzi. Nyuzi za kioo zilianza kutengenezwa kwa wingi Marekani katika miaka ya 1930, na kampuni ya Owens-Corning, iliyozifanyia biashara, iliundwa mwaka 1938. Muongo uliofuata watu wakaanza kuzilaza nyuzi hizo ndani ya kalibu, wakazilowesha rezini, wakatoa boti. Jahazi lina karne nyingi za kusifiwa. Faiba haijatimiza hata moja. Lakini huku kwetu imeshaota mizizi. Ukisimama gatini Mokowe ukingoja kuvuka kwenda Lamu, boti za mbio zinazokuvusha ni za faiba. Nyingi kati ya zinazowapeleka wageni kuzamia huko Unguja ni za faiba. Boti za mkopo wanazokabidhiwa wavuvi siku hizi, za mwambao na za Ziwa Victoria, nazo ni za faiba. Mvule umekuwa adimu, na mwembe mnene wa kuchonga mtumbwi wa ngalawa hauokotwi tena popote. Isitoshe, faiba haina habari na wale wadudu wa baharini watoboao mbao, ambao kwa ajili yao manahodha walipandisha vyombo pwani wakati wa bamvua, wakavichoma tumboni kwa moto wa makuti na kuvipaka deheni, kisha baada ya miezi michache wakarudia tena.

Tatizo la faiba liko kwingine. Mbao ikichoka ina pa kurudi: huoza, ikawa tope la mikokoni. Faiba haina pa kurudi. Ukiichoma inatoa moshi mweusi wa sumu na nyuzi zake zinabaki palepale. Ukiizika inakaa. Ukiitelekeza ufukoni, jua linaila ngozi yake ya juu na vumbi la kioo linaingia mchangani na baharini. Ndiyo maana kila ninapoona boti ya faiba imelazwa kifudifudi, imeota majani pembeni, huona deni ambalo mtu fulani ameliacha. Anayeichukua akaitengeneza analilipa deni lisilokuwa lake, na hilo peke yake lingetosha kumpa heshima.

Na mara nyingi boti hizo hazijafa. Nyuzi zenyewe bado zina nguvu. Kinachokuwa kimeoza ni mbao zilizofichwa ndani yake, hasa ule ubao wa tezi inapofungwa mashine, na zile nguzo ndefu zinazolala chini ya sakafu toka nyuma hadi mbele. Watengenezaji walizifunika kwa faiba pande zote, mnunuzi akaamini boti nzima ni faiba. Kumbe maji yalipata njia kwenye tundu la bolti moja, yakaingia, yakakosa pa kutokea.

Boti niliyoileta nyumbani niliikuta Sahare, Tanga, kuku wakiatamia chini yake. Ni ya futi 16, iliyowahi kubeba mashine ya farasi 15. Kabla ya kununua chochote nilimwendea fundi mmoja mtu mzima anayewazibia wavuvi boti zao, nikiwa nimejiandaa kuulizwa habari za rezini.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nyundo unayo?”

“Ninayo.”

“Basi nenda kaigonge yote. Anzia omo, ishia tezi, kila shibiri moja. Ikikujibu, songa mbele. Isipokujibu, tia alama ya chaki. Ukimaliza, njoo tuongee.”

Nitapendekeza hivyohivyo kwa yeyote anayeanza, kwani hapo ndipo ufundi huu unapoonyesha uso wake. Unapiga kwa kichwa cha nyundo ndogo, polepole, sikio karibu. Penye uzima nyundo inaruka kurudi mkononi na mlio unatoka mkavu, mkali. Penye maradhi mlio unazama, mzito, kama unayegonga fenesi lililoiva, na nyundo hairuki. Hapo tabaka zimeachana, au mbao ya ndani imejaa maji. Jicho halikwambii kitu. Rangi ni ileile, ubavu ni uleule. Wapiga kalafati wanaujua usikivu huu: pamba ikishajaa sawasawa kati ya mbao mbili, mlio wa nyundo hubadilika, na fundi hujua aache. Kumbe mafundi wa mbao na wa faiba, wanaodhaniwa hawana undugu, wote hutanguliza sikio.

Ukishamaliza kugonga, iangalie chini, sehemu inayokaa majini. Ngozi ya nje ya boti, jelikoti, ina unene wa nusu milimita hivi. Inaonekana imeziba kabisa, lakini boti ikikaa majini miaka na miaka maji hupenya, kidogokidogo. Yakikuta ndani mabaki ya kemikali ambazo hazikugandana vizuri siku boti ilipotengenezwa, huchanganyika nayo yakawa asidi, na majimaji hayo huvuta maji mengine mpaka ngozi ivimbe. Ndiyo malengelenge yale, mengine madogo mithili ya punje, mengine mapana kuliko sarafu. Vaa miwani ya kazi, kisha litoboe moja kwa ncha ya patasi. Majimaji yatachuruzika, wakati mwingine kwa kuruka, na utasikia harufu ya siki. Harufu hiyo ikikufikia puani, umeijua boti yako kuliko aliyekuuzia.

Dawa ya malengelenge haina njia ya mkato. Hufunguliwa moja moja kwa msasa au grenda, hadi penye faiba ngumu. Huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, yakarudiwa siku baada ya siku, kwa sababu asidi au chumvi iliyobaki ndani itaendelea kuvuta unyevu. Halafu boti huachwa ikauke. Mtu wa pwani ana bahati hapa: kiangazi cha kaskazi kinakausha kwa bure kazi ambayo wenzetu wa nchi za baridi huikodishia mashine za joto. Lakini kwa anayeanza kungoja ndiko kugumu. Mkono unataka kupaka rangi, macho yanataka kuona boti inang’aa. Rangi juu ya unyevu ni kuufungia mlango ugonjwa ukae ndani.

Vumbi lake nalo lina adabu zake. Ni kioo, likiingia mapafuni linadhuru, likiingia ngozini linawasha usiku kucha. Shati la mikono mirefu lililofungwa viganjani, barakoa ya chujio za kubadilisha, wala si kile kitambaa cha kufunga puani, na ukimaliza, kuoga kwanza kwa maji baridi. Kusi ikivuma, jirani aliye upande wa chini wa upepo aambiwe mapema aanue nguo zake na watoto waende kuchezea upande mwingine. Anayefanyia kazi uani anafanyia kazi mtaani.

Sasa kuziba. Mgeni wa faiba akiona ufa hufikiri ataweka kiraka juu yake kama anayeziba ndoo. Kiraka hicho kitakaa, na siku moja mawimbi yatakibandua chote kizima, kwa kuwa kilishika ngozi tu. Mafundi wana kanuni ya mteremko: ukuta wa boti unasagwa kuzunguka ufa, taratibu ukielekea kwenye tundu, na urefu wa mteremko uwe mara 12 ya unene. Ukuta ukiwa wa milimita 6, utasaga milimita 72 kila upande. Inauma kufanya hivyo. Ufa ulioweza kuufunika kwa kidole unageuka sinia jeupe la kutisha ubavuni, na anayepita atadhani unaibomoa. Lakini ndani ya sinia hilo kila tabaka jipya linapata eneo lake la kulala juu ya tabaka la zamani, na mzigo wa bahari unagawanyika juu ya eneo zima badala ya kuning’inia kwenye ukingo. Sijaona mahali pengine ambapo hesabu ndogo kiasi hiki imebeba usalama mkubwa kiasi hiki.

Rezini ya poliesta ina saa yake, na fundi ndiye anayeitia ufunguo. Dawa ya kugandishia huwa kati ya asilimia 1 na 2: kwa kilo moja ya rezini, gramu 10 hadi 20. Katika joto letu kaa karibu na 10, na fanya kazi alasiri, jua likishavunjika, boti ikiwa chini ya turubai. Usichanganye zaidi ya unachoweza kupaka kwa robo saa. Ikiachwa imejaa koponi hujipasha moto yenyewe, ikatoa moshi na kulainisha kopo la plastiki. Imwage kwenye chombo kipana kifupi, itapoa na kukupa muda. Na kama dukani wamekuuzia ile dawa ya zambarau ya kuharakisha, ya kobalti, katika chupa yake peke yake, kamwe usiikutanishe moja kwa moja na dawa ya kugandishia, maana hulipuka. Moja huingia kwenye rezini kwanza, ikakorogwa ikaisha, ndipo nyingine ifuate.

Halafu inakuja saa niipendayo kuliko zote. Mkeka wa faiba ukiwa mkavu ni mweupe, wenye ukaidi wa karatasi, haukubali kona. Unapaka rezini chini, unaulaza, unaudonoa kwa brashi; usiusugue, nyuzi zitakufuata. Gundi inayozishikilia nyuzi inayeyuka. Mkeka unalegea, unashuka kwenye kona uliyodhani hautaifikia, na weupe wake unatoweka mbele ya macho yako mpaka unasoma mstari wa penseli ulioandika chini yake. Palipobaki doa jeupe pana hewa. Unapitisha ile rola ya chuma yenye mifereji, hewa inakimbilia pembeni, doa linazimika. Mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba hunywa rezini mara mbili hadi mbili na nusu ya uzito wake. Ikizidi, umepata kitu kigumu kinachovunjika, maana nguvu ya kuvuta iko kwenye kioo. Jicho hujifunza kipimo hiki haraka: uso ung’ae, usichuruzike.

Baada ya kuganda, rezini isiyotiwa nta hubaki inanata juu. Wengi hudhani imeharibika. Inanata kwa sababu hewa inaizuia kumaliza kuganda, na ni jambo la heri, kwa maana tabaka linalofuata litashikana nayo kabisa. Rezini yenye nta huwekwa mwisho tu.

Nimesikia ikisemwa kwamba kazi hii haina ufundi, kwamba ni kupaka tu. Nadhani wanaosema hivyo wamemwona fundi siku ya mwisho, mikono ikienda upesi. Hawakuwepo siku za msasa. Sehemu kubwa ya ukarabati wa faiba ni maandalizi ambayo hayataonekana tena yakishafunikwa, na ndipo uaminifu wa fundi ulipo, kwani hakuna atakayemkagua isipokuwa bahari. Tena ni ufundi mpole kwa mwanafunzi. Ubao wa mvule ukikatwa mfupi, umekwenda. Tabaka la faiba lililolala vibaya husagwa likatoka, likalazwa upya, na boti haiweki kinyongo. Ufundi huu hautaki tanuri, wala karakana, wala nguvu za watu wanane. Mwalimu aliyestaafu anaweza. Binti wa sekondari anaweza, akiwa na barakoa ya kweli na mtu wa kumsimamia.

Mkazo wangu wa mwisho ni kwenye ubao wa tezi, kwa sababu huo ndio unaobeba mashine, na mashine ikitikisika mnapovuka mkondo mnatikisika nayo wote. Kwenye boti yangu mlio ulizama kuanzia bolti za chini hadi sakafuni. Ngozi ya ndani ilikatwa, nayo plaiwudi ikatoka kwa vidole, nyeusi, inachuruzika maji. Mpya ni ya majini, vipande viwili vilivyogandishwa pamoja, kingo zote zikinyweshwa epoksi mara mbili kabla ya kuingia. Hapa mimi huchagua epoksi ingawa ni ghali, maana hushika mbao kuliko poliesta. Kwa ubavu wa nje hubaki na poliesta, kwani jelikoti haigandi vizuri juu ya epoksi. Ubao ukaingizwa kwenye puti nzito hadi ikachomoza pembeni pote, ukabanwa kwa jiriwa, kisha ukafunikwa kwa tabaka mpya zinazopanda ubavuni pande zote mbili.

Zimebaki bolti nne za mashine. Tundu la kila bolti litatobolewa pana kuliko bolti yenyewe, lijazwe epoksi iliyokorogwa nzito, liachwe mpaka liwe jiwe, halafu litobolewe tena katikati kwa kipimo cha bolti. Maji yakipita safari hii kandokando ya chuma, kila upande yatakutana na ukuta wa epoksi, na plaiwudi itakuwa nyuma yake, kavu.