Ufundi wa Kukataa

Fundi husifiwa kwa anachokiunda. Nodi ya Bitcoin, yaani kompyuta inayokagua miamala ya mtandao huo, haiundi kitu, lakini naihesabu miongoni mwa mafundi, kwa kuwa ustadi wake wote ni kukataa. Bloku, yaani fungu la miamala, ikibisha hodi, nodi haiulizi imetumwa na nani wala mchimbaji aliyeiunda ameteketeza umeme kiasi gani. Inakagua tu. Je, kazi iliyofanywa imefikia kiwango cha ugumu? Saini za miamala ni halali? Kuna sarafu iliyokwisha kutumika inayojaribu kupita mara ya pili? Mchimbaji je, amejilipa kupita haki yake? Tangu Aprili 2024 haki hiyo ni bitcoin 3.125 pamoja na ada. Akijiongezea hata satoshi moja, yaani sehemu moja katika milioni mia ya bitcoin, bloku nzima hutupwa na umeme wake umekwenda na maji. Akijipunja, hiyo ni hasara yake. Nodi haina huruma wala hila.

Wapo wasemao kuwa mwenye nguvu ndiye mwamuzi, kwani mnyororo wa bloku wenye kazi nyingi ndio hushinda. Wameshika nusu ya kanuni. Kazi hupimwa baina ya minyororo iliyokwisha kupita ukaguzi. Ndivyo panda za kawaida, yaani mnyororo kugawanyika matawi, zinavyozuka na kufa: wachimbaji wawili wanapata bloku karibu wakati mmoja, na aghalabu bloku inayofuata inamaliza ubishi. Mnyororo batili hauingii hata mashindanoni. Julai 2015, kanuni mpya ya umbo la saini ilipoanza, baadhi ya wachimbaji wakubwa walikuwa wakijenga juu ya bloku wasizozikagua. Ukazuka mnyororo wa bloku sita wenye msingi mbovu, na nodi zilizokuwa na toleo jipya hazikugeuza hata shingo.

Pingamizi zito zaidi ni la Machi 2013. Toleo la 0.8 la programu ya nodi lilikuja na hifadhidata mpya. Ile ya zamani ilikuwa na ukomo wa idadi ya kufuli za data inazoweza kushika kwa pamoja, ukomo ambao hakuna aliyeuandika kama kanuni. Bloku ya 225,430 ilikuwa kubwa: toleo jipya likaipokea, nodi za zamani zikaikataa, mnyororo ukapasuka kwa saa kadhaa. Wachimbaji wakaombwa warudi toleo la zamani, na tawi lililokuwa refu likaachwa. Basi si watu walioamua? Ni watu, tena kwa haraka na jasho. Ila tazama walichagua upande gani: ule mkali zaidi. Kilichokubaliwa na nodi za zamani kilikubalika kwa mpya pia, kinyume chake hapana. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kumbembeleza kila mwenye nodi. Tawi la zamani lilipoupita wingi wa kazi ya jingine, nodi za 0.8 zilihama zenyewe.