Rangi, Mwangaza na Istilahi: Tahakiki ya Tovuti za Kasino Zinazosomwa Unguja

Imekuwa desturi ya kurasa hizi kuchunguza istilahi za taaluma zinazoheshimika: sheria, tiba, benki na kilimo. Safari hii tumeona heri tushuke hadi mahali ambapo watu wengi hawapendi kutajwa kuwa wamefika, yaani tovuti za kasino na za michezo ya kubahatisha zinazosomwa kwa simu katika vichochoro vya Mji Mkongwe na katika vijiji vya shamba. Hatukuvutwa na mchezo wenyewe. Tulivutwa na maneno, na hasa rangi ambazo maneno hayo yameandikiwa.

Mzee mmoja, fundi cherehani wa Mkunazini, ndiye aliyetutia katika kazi hii. Alitufuata na simu yake mkononi, akasema kwa sauti ya chini: "Wanangu, nyinyi ndio watu wa maneno. Nisomeeni hapa." Juu ya kioo, kwa herufi kubwa za manjano juu ya weusi, paliandikwa kwamba mgeni hupewa bonasi ya shilingi 10,000. Chini yake palikuwa na mistari minne ya herufi ndogo za kijivu juu ya weusi uleule. Mistari hiyo ilisema kwamba bonasi haitolewi mpaka mchezaji awe ameitumia kuweka dau mara 30, yaani awe amecheza dau za jumla ya shilingi 300,000. Mzee huyu si mtu asiyejua kusoma. Amesoma magazeti tangu ujana wake, na Kiswahili chake kinatushinda sisi tuliopita chuo kikuu. Kilichomshinda ni kijivu kile, kilichozama katika weusi, chini ya jua la saa saba.

Waswahili husema mwenye macho haambiwi tazama. Hapa tumeona mwenye macho aliyetazama asione. Ndipo tulipoanza kujiuliza: Je, Kiswahili kina maneno ya kulieleza kosa hili, ili anayelitenda aambiwe na anayetendewa ajue la kudai?

Rangi katika Kiswahili

Vivumishi halisi vya rangi katika lugha yetu, vinavyochukua viambishi vya ngeli, ni vitatu tu: -eusi, -eupe na -ekundu. Hizi ndizo rangi za kisutu, ile kanga ya harusi isiyozeeka. Nyingine nyingi tumezipata kwa kutazama vitu: kijani kutokana na jani, kijivu kutokana na jivu, manjano kutokana na kiungo cha mchuzi, kahawia kutokana na kahawa, zambarau kutokana na tunda. Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay, katika kitabu chao juu ya majina ya rangi ya lugha za ulimwengu, walidai kwamba lugha hutangulia kuwa na majina ya weusi na weupe, kisha huja wekundu. Wataalamu wamebishana nao sana tangu hapo, lakini vivumishi vyetu vitatu havipingani na dai hilo.

Jambo ambalo hatujalitilia maanani vya kutosha ni utajiri wetu wa vitenzi. Twasema rangi imekoza, imekolea, imefifia, imepauka, inang'aa. Vitenzi hivi havitaji jina la rangi, vyataja nguvu yake machoni. Kwa mintarafu ya usomaji, nguvu hiyo ndiyo yenye kazi kubwa kuliko jina.

Utofautishaji wa nini?

Simu nyingi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili hutumia neno "utofautishaji" kwa ile hali ya maandishi kujitenga na kinachoyazunguka. Neno hili si baya, lakini likiachwa peke yake, au likiambiwa "utofautishaji wa rangi", hupotosha. Msanifu wa tovuti akilisoma hudhani kwamba akichagua rangi mbili zenye majina mawili amemaliza kazi. Sivyo. Mwongozo wa ufikivu wa maudhui ya wavuti, ambao shirika la W3C lilitoa toleo lake la 2.0 mwaka 2008 na la 2.2 mwaka 2023, hupima uwiano wa mwangaza. Weusi juu ya weupe una uwiano wa 21 kwa 1, ambao ndio upeo. Maandishi ya kawaida yanatakiwa yafikie angalau 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa 3 kwa 1.

Tukipima kwa kanuni hiyo, manjano kamili juu ya weupe hupata 1.07 tu, ingawa ni rangi mbili tofauti kwa kila mwenye macho. Manjano hayohayo juu ya weusi hupita 19. Buluu kamili juu ya weusi haifiki 2.5. Wekundu kamili ukikaa na kijani kamili haufiki hata 3. Kwa hiyo tunapendekeza istilahi iwe "uwiano wa mwangaza", na "utofautishaji" libaki kwa maana pana. Istilahi inayotaja kitu kinachopimwa humfunga msanifu, na isiyokitaja humpa mlango wa kutokea.

Pendekezo letu la pili linahusu "upofu wa rangi". John Dalton wa Uingereza alieleza hali hii mwaka 1794 kutokana na macho yake mwenyewe, na hakuwa kipofu. Katika watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini hali ya kutopambanua wekundu na kijani huwapata takriban mwanamume 1 kati ya 12 na mwanamke 1 kati ya 200. Kwingineko kiasi hutofautiana. Mtu huyu anaona, ila rangi mbili humjia kama moja. Kumwita kipofu ni kumwonea, na pia ni kumpa mwenye tovuti udhuru wa kusema kwamba vipofu si wateja wake. "Kutopambanua rangi" latosha.

Ama "ufikivu", tuna shaka ya kisarufi. Maneno ya umbo hili aghalabu humhusu mtenda: msikivu ndiye anayesikia, mharibifu ndiye anayeharibu. Kitu kinachoweza kufikiwa kingefaa kutokana na kitenzi "fikika", kama barabara inavyopitika. Hata hivyo neno limekwisha kuenea katika simu na nyaraka, na si hekima kulipiga vita. Tunaliridhia kwa jambo zima, lakini kwa jicho na maandishi tunataka neno lake mahsusi: "usomekaji". Maandishi ya kijivu ya mzee wetu yalikuwa yameandikwa, yalikuwa sahihi, na hayakusomeka.

Mkeka na kitufe

Haki inatutaka tusifu panapostahili. Wachezaji wenyewe, bila ya kamati yoyote, wameiita orodha ya mechi alizozitabiri mtu "mkeka", na mechi moja ikiharibika husema mkeka umechanika. Hatungeweza kubuni neno zuri kuliko hili. Lakini tutazame mkeka huo unavyoonyeshwa. Katika baadhi ya tovuti tulizozipitia, mechi iliyokwenda sawa ina kitone cha kijani na iliyoharibika ina kitone chekundu, pasi na neno wala alama. Mwongozo tuliotaja hukataza rangi peke yake kuchukua maana. Tiba yake ni nyepesi: "imepatia" na "imekosea", mbele ya kitone.

Kosa la namna hiyohiyo limo katika maelekezo kama "bonyeza kitufe cha kijani". Kitufe kiitwe kwa tendo lake: "Weka dau", "Toa pesa", "Ghairi". Hapo hata asiyeona kabisa, anayesomewa na simu yake, atajua alipo. Tena tuliona kwamba kitufe cha kuingiza pesa aghalabu ni kikubwa na kimekoza, na cha kutoa pesa ni kidogo na kimefifia. Hatudai kuujua moyo wa aliyekichora. Twasema tu kwamba rangi zimeelemea upande mmoja, na upande huo si wa mchezaji.

Kumbe mfano mwema tunao majumbani mwetu. Mtengenezaji wa kanga, tangu zama za herufi za Kiarabu hadi hizi za Kirumi, huliweka jina la kanga mahali pake na kwa herufi zinazosomwa kutoka ng'ambo ya barabara, kwa sababu kanga isiyosomeka haifikishi ujumbe kwa aliyekusudiwa. Hizi tovuti nazo zinajua kuandika vikubwa. Zimechagua kuandika bonasi kwa mtindo wa kanga, na masharti kwa mtindo wa siri.

Kwa nini tujishughulishe?

Yupo atakayesema: kamari ni haramu kwa wengi wa watu wa kisiwa hiki, kwa nini Kiswahili kiisaidie ionekane vizuri? Hoja hii ina uzito na hatuidharau. Wala hatupendi jinsi "kubahatisha" linavyolainisha jambo ambalo wazee wetu waliliita kamari bila ya kupepesa macho. Lakini Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania ilitungwa mwaka 2003, na simu ya kijana wa Michenzani haimuulizi dini yake kabla ya kufunguka. Masharti yaliyofichwa hayamzuii mtu kuingia, humzuia kujua alipoingia. Anayetaka watu waiepuke kamari ndiye wa kwanza kunufaika zile mara 30 zikiandikwa kwa herufi za kusomeka.

Aidha, kosa hili haliko kwenye kasino pekee. Tiketi, fomu na risiti za simu hupakwa kijivu hichohicho. Zanzibar ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006, na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao mwaka 2009, mkataba ambao kifungu chake cha 9 kinataja pia habari na mawasiliano. Sheria za namna hii zitabaki maneno matupu iwapo mwenye kulalamika hana istilahi ya kusema alichonyimwa.

Basi tunawawekea wasomaji maneno matatu wayapime: uwiano wa mwangaza, kutopambanua rangi, na usomekaji. Mwenye bora kuliko haya na atuletee. Mzee wa Mkunazini tulimsomea mistari yake minne hadi mwisho. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini hawakuiandika kwa manjano kama ile ya juu. Tulimjibu kwamba swali hilo tutalichapa.