Kufukua, Kuvumbua, Kutambua: Kuhusu Sanamu za Wayunani

Wanafunzi wetu hutafsiri *découvrir* kwa «kugundua» popote walikutapo, na hivyo huandika kwamba Wafaransa wa karne ya 19 waligundua sanamu za Wayunani wa kale. Kitenzi hicho kinabeba mno. Kufukua ni kazi ya jembe, kuvumbua ni kukitoa kitu mafichoni, kutambua ni kazi ya akili.

Tuitazame sanamu ya Venus wa Milo. Aliyeifukua mwezi wa Aprili 1820 ni mkulima, Yorgos Kentrotas, katika kisiwa cha Milos kilichotawaliwa na Waturuki. Voutier na Dumont d'Urville, walioieneza sifa yake, walikuwa maafisa wa manowari, si wanaakiolojia. Balozi Rivière aliipata, na mwaka 1821 ikaingia Louvre. Jumba hilo lilikuwa na njaa: mwaka 1815 lilikuwa limelazimishwa kurudisha sanamu zilizotekwa na Napoléon, mojawapo ikiwa Venus wa Medici, aliyerudi Florence.

Hapa ndipo penye lawama yetu. Pamoja na sanamu kilikuja kipande cha kitako chenye maandishi, yakisema kwamba fundi alikuwa mtu wa Antiokia ya mto Meander. Mji huo ulianzishwa baada ya kufa kwa Praxiteles, ambaye mabingwa wa Paris walitamani kumpa sanamu hiyo. Kipande kikapotea humo humo Louvre, ukabaki mchoro wake. Wapo waliodai kilikuwa cha sanamu nyingine. Hoja hiyo ingepimwa kwa jiwe lenyewe, kama lingetunzwa.

Samothrace kuna somo jingine. Mwaka 1863 wachimbaji wa Charles Champoiseau, naibu wa balozi mdogo, walifukua vipande vya mungu wa Ushindi mwenye mabawa, vikapelekwa Paris. Mawe ya kijivu yaliyolala karibu yaliachwa. Champoiseau aliyadhani ya kaburi. Waustria waliochimba huko katika miaka ya 1870 ndio waliotambua kwamba yakiunganishwa huwa gubeti la merikebu, na kwamba juu yake ndipo Ushindi aliposimama. Champoiseau aliyarudia mwaka 1879. Leo mtazamaji akipanda ngazi za Louvre huliona gubeti kwanza, kisha mabawa.